Kiachio cha springi au cha baruti: kipi kifungwe wapi melini

Kila chombo cha baharini kina vitu vilivyofungwa kwa nguvu ambavyo siku moja vitatakiwa viachiwe papo hapo: chelezo cha kujiokolea juu ya sitaha, mashua ya kuokolea kwenye kulabu zake, gesi ya kuzimia moto ndani ya mitungi, kipimo kilichozamishwa chini ya bahari, parachuti ya rubani aliyeangukia majini. Kazi ya kuachia hufanywa na familia mbili za vifaa. Ya kwanza ni ya kimakanika: springi, kisu, kamu (kipande kinachozunguka na kushika au kuachia kingine), mota ndogo, sumaku ya umeme, au maji yenyewe yakisukuma kiwambo. Ya pili ni ya baruti: katriji ndogo huwashwa kwa umeme, gesi yake ikasukuma pistoni, na pistoni ikakata waya, ikavuta pini, ikapasua nati au ikatoboa ukuta wa valvu.

Wengi huanza kulinganisha kwa nguvu na kasi. Hapo baruti hushinda mapema mno, na ukisimama hapo utaifunga mahali isipostahili. Swali linalopanga mengine yote ni hili: kifaa hikihiki nitakachokitegemea, naweza kukifyatua leo nikakiona kinafanya kazi, kisha nikakirudisha mahali pake? Kwa cha kimakanika jibu mara nyingi ni ndiyo. Kwa cha baruti ni hapana, siku zote. Ukikiwasha kimekwisha. Unachonunua ni ushahidi kwamba wenzake wa fungu lile lile waliochomwa kwenye majaribio walifyatuka, na kwamba tangu siku ile hakuna aliyekiweka juani wala kwenye unyevu.

Kwa ufupi, familia hizi mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu:

| Jambo | Kimakanika | Baruti |
|---|---|---|
| Muda wa kufyatuka | Sehemu ya sekunde kwa springi. Dakika kadhaa kwa waya unaoliwa na umeme | Milisekunde |
| Kujaribiwa kabla ya kazi | Chenyewe, mara nyingi utakavyo (isipokuwa cha kutupwa) | Sampuli za fungu. Chenyewe hupimwa sakiti tu |
| Baada ya kufyatuka | Hurudishwa | Hubadilishwa |
| Kutegemea mvuto wa mzigo | Kulabu nyingi hutegemea | Kikata kebo hakitegemei |
| Uvujaji wa valvu | Hutegemea kiti na mpira wake | Hakuna mpaka ukuta utobolewe |
| Adui mkubwa | Kutu, chumvi, rangi, viumbe wanaoganda, grisi iliyokauka | Unyevu, joto la ghala, umeme wa bahati mbaya, rada na redio |
| Ghala na usafiri | Bidhaa ya kawaida | Mzigo wa hatari wa daraja la 1 |

Jedwali linaonyesha tabia tu. Uamuzi hutoka kwenye kazi yenyewe, na kazi hazifanani hata kidogo.

Chelezo cha kujiokolea

Kiachio kinachoonekana kwenye meli nyingi kuliko vyote ni kile cha shinikizo la maji, kinachoshika mkanda wa chelezo. Meli ikizama kabla watu hawajawahi kukitupa chelezo majini, kiachio kinatakiwa kukiachia chenyewe. Kanuni za LSA, yaani za vifaa vya kuokolea maisha, za Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) zinataka kifyatuke kabla ya kuvuka kina cha mita 4. Ndani mna kiwambo, pini na kisu chenye springi. Kwenye mita 4 maji husukuma kwa takriban baa 0.4 tu, na hiyo inatosha: kiwambo kinasogea, pini inachomoka, kisu kinaruka na kukata kamba nene. Hakuna betri, hakuna waya, hakuna wa kubonyeza kitufe.

Hapa baruti haina nafasi. Ingehitaji kihisi cha kina, betri na sakiti, vyote vikae juu ya sitaha miaka kadhaa vikipigwa na chumvi na jua, tena jirani na antena za meli. Uchaguzi halisi ni kati ya aina mbili za kimakanika zenyewe.

Aina ya kutupwa, kama Hammar H20, hufyatuka kati ya mita 1.5 na 4 na hudumu miaka 2 tangu siku ilipofungwa. Haifunguliwi wala haipakwi mafuta. Muda ukiisha unaiondoa. Aina ya kuhudumiwa ina mwili imara zaidi na hukaa miaka mingi, lakini SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, inataka ipelekwe kituo kilichoidhinishwa kila baada ya miezi 12, muda ambao unaweza kusogezwa hadi miezi 17 pale ambapo kufuata ratiba hakuwezekani. Kwa chombo kinachozunguka mbali na vituo vya huduma, chukua ya kutupwa bila kusita. Kwa kampuni yenye meli nyingi na karakana karibu, ya kuhudumiwa ina mantiki yake, mradi kuwe na vifaa vya akiba vya kukaa mahali pake wakati vingine viko karakana. Kuacha kitanda cha chelezo bila kiachio kwa sababu “kiko huduma” ni jambo lisilokubalika.

Kuna tatizo ambalo hakuna aina inayolitatua peke yake. Boti ndogo ikipinduka na kubaki inaelea tumbo juu, kiachio kinaweza kukwama kwenye kina cha mita moja au chini ya hapo, na maji hayatakuwa na nguvu ya kukifyatua. Kwa hiyo kwenye chombo kidogo fikiria mahali pa kukifunga kabla ya kufikiria chapa: juu ya paa la chumba cha usukani, ambako chombo kikipinduka kitaenda chini zaidi, ni afadhali kuliko ubavuni karibu na ukingo.

Ukifunga ile ya kutupwa, mpangilio ni huu. Kitanzi cha chini cha kamba nene nyeupe kinashikwa kwa pingu ya chuma kwenye kitanda cha chelezo au jicho imara la sitaha. Kitanzi cha juu kinapokea kulabu ya kufungua kwa mkono iliyo mwisho wa mkanda wa chelezo. Kamba ya chelezo, ile inayovuta na kufungua mtungi wa gesi, inafungwa kwenye kiungo dhaifu chekundu, ambacho nacho kimeshikwa na pingu ile ya chini. Kisha toboa au kata alama ya mwezi na mwaka wa mwisho kwenye lebo. Meli ikizama, kisu kinakata kamba nyeupe, chelezo kinapanda, kamba yake inajikunjua hadi mwisho, inavuta mtungi, chelezo kinajaa hewa, na hapo ndipo kiungo chekundu kinakatika ili meli isikiburute chini.

Kiungo hicho kimewekewa mpaka wa kukatika wa kilonyutoni (kN) 2.2, kikizidi au kupungua kN 0.4. Hiyo ni kama uzito wa kilo 224. Namba hii ndiyo chanzo cha makosa mawili yanayorudiwa kila bandari. La kwanza ni kufunga kamba ya chelezo moja kwa moja kwenye jicho la sitaha, kwa nia njema ya “kuimarisha”. Chelezo kitajaa hewa, halafu kitavutwa chini pamoja na meli. La pili ni kinyume chake: kukitupa chelezo kwa mkono kwenye bahari iliyochafuka huku kamba ikitegemea kiungo dhaifu peke yake. Upepo ukilishika hema la chelezo, kilo 224 si kitu. Ukikitupa kwa mkono kwanza funga kamba kwenye mahali imara. Kisu kitakachoikata mkiondoka kimo ndani ya chelezo, kandokando ya mlango.

Makosa mengine ni ya ovyo zaidi. Kupaka rangi kiachio pamoja na kitanda chake, hata matundu ya maji yakazibika. Kuongeza kamba ya pili juu ya mkanda kabla ya safari ya mawimbi, kisha kuisahau. Kufunga kiachio pale ambapo bahari hupiga sitaha moja kwa moja, kikafyatuka bila meli kuzama. Kiachio cha boya la dharura la redio hupatwa na mambo yale yale, isipokuwa chenyewe hukata bolti ya plastiki na springi ikasukuma kifuniko. Ukisahau kulijaribu boya lenyewe kwenye ukaguzi wa kila mwezi, kiachio kizuri kitakuwa kimeachia boya bubu.

Mashua ya kuokolea

Hapa ni kulabu tu, na ubishi hakuna. Mashua hushushwa majini kwa mazoezi kila miezi 3, na kila zoezi ni kufungua na kufunga tena. Kifaa cha matumizi ya mara moja hakiingii kwenye ratiba ya namna hiyo.

Linganisha kulabu zenyewe kwa kipimo kimoja: mzigo unaizungusha kulabu upande gani? Kulabu nzuri huelekea kujifunga mzigo unapoongezeka. Zile za zamani ambazo mzigo wake ulikuwa ukisukuma kamu ifunguke zimeua mabaharia wakati wa mazoezi, na ndiyo sababu IMO ilibadilisha SOLAS kuanzia tarehe 1 Januari 2013 ili kulabu zisizokidhi masharti ziondolewe, mwisho kabisa tarehe 1 Julai 2019. Sababu ya ajali inajirudia: kamu haikurudi mpaka mwisho wake baada ya zoezi, kebo ya kuendeshea ilikuwa na ulegevu au kutu, na mpini ulionekana umefungwa kumbe kulabu haijafungwa. Kwa hiyo usiangalie mpini. Angalia alama iliyo kwenye kulabu yenyewe, ya omo na ya tezi, mtu mmoja kila upande, kabla ya mashua kunyanyuliwa kutoka majini. Kila baada ya miaka 5 mfumo hufunguliwa wote na kupimwa kwa mzigo wa mara 1.1 ya uzito wa mashua iliyojaa watu na vifaa.

Jaketi na parachuti

Kwenye jaketi la kujiokolea linalojijaza, viachio vitatu vinashindana.

Cha kwanza ni kidonge au karatasi ngumu inayoyeyuka ikilowa na kuachia sindano ya springi itoboe mtungi wa gesi. Ni rahisi, kinabadilishwa na yeyote, na udhaifu wake ni kwamba hakijui tofauti ya bahari na mvua. Jaketi likining'inizwa kwenye kabati lenye unyevu, siku moja utalikuta limejijaza lenyewe. Cha pili ni cha shinikizo la maji: valvu yake hufunguka kwenye kina cha takriban sentimita 10, kwa hiyo mvua na mawimbi ya juu ya sitaha hayakisumbui. Kwa wanaofanya kazi wakilowa kutwa nzima, wavuvi na mabaharia wa boti ndogo za doria, hicho cha pili ndicho cha kuchukua, na tofauti ya gharama hurudi kwa vidonge usivyonunua.

Cha tatu ni cha baruti, nacho ni cha marubani wa kijeshi. Jeshi la majini la Marekani hutumia kijazio cha jina la FLU-8, ambacho maji yakikiingia hukamilisha sakiti, katriji ndogo ikatoboa mtungi. Pia linatumia mfumo uitwao SEAWARS kwenye mikanda ya parachuti: ukitumbukia maji ya chumvi, katriji zinaachia parachuti isimburute rubani. Baruti inastahili hapa kwa sababu tatu zinazokutana pamoja. Mtu anaweza kuwa amezimia. Kifaa lazima kiwe kidogo na chepesi mwilini. Na mkanda ulio chini ya mvuto mkubwa wa upepo lazima uachie bila kusuasua. Kazi isipokuwa na sababu zote tatu, ni vigumu kutetea baruti kwenye nguo ya mtu.

SEAWARS imetengenezwa kwa maji ya chumvi. Ziwani au mtoni usiitegemee. Ndiyo maana kifungulio cha mkono hubaki palepale kwenye mkanda, na mafunzo ya rubani huanzia kwenye hicho.

Vifaa vinavyozamishwa chini ya bahari

Hili ndilo eneo ambalo familia zote mbili, pamoja na binamu zao, zinagombania kazi moja, na ndipo uchaguzi mbaya humaliza mradi mzima. Picha ni hii: nanga ya chuma au saruji chini, kiachio juu yake, halafu vipimo, halafu maboya yanayovuta kwenda juu. Ukitaka vipimo virudi, unaachia nanga.

Kiachio cha sauti chenye mota ndicho cha kawaida. Unatuma msimbo wa sauti kutoka melini, kifaa kinaitambua namba yake, mota inazungusha kamu, kulabu inaanguka, na kifaa kinajibu kwamba kimeachia. Faida yake kubwa ni kwamba unakijaribu sitahani kikiwa na mzigo, unakijaribu tena kikiwa kimening'inizwa kwenye kina, na ndipo unakiacha mwaka mzima. Kasoro yake ni kwamba kulabu inahitaji mvuto ili ianguke. Maboya yakiwa yamepoteza uelea, au kamba ikiwa imelegea kwa sababu nanga imelala ubavu, kifaa kitajibu “nimeachia” kwa uaminifu wote na hakuna kitakachopanda juu.

Adui wa pili wa kulabu ni metali mbili tofauti kugusana. Kulabu ya chuma kisichoshika kutu ikikaa na pingu iliyopakwa zinki kwenye maji ya chumvi, pingu ndiyo italiwa, na nyuso zinazogusana zitajaa ganda gumu jeupe linaloweza kuishika kulabu mahali pake. Weka bushi ya plastiki ngumu kati yao, na hakikisha bushi hiyo haikupotea wakati wa kufunga. Ni kipande cha ukubwa wa pete, na ni kawaida kukiona kimebaki kwenye sanduku la vifaa meli ikiwa imeshaondoka.

Waya unaoliwa na umeme ni rafiki wa mizigo midogo. Waya mwembamba umefunikwa kwa plastiki isipokuwa sehemu fupi iliyo wazi. Ukipitisha umeme wa betri kutoka kwenye waya kwenda kwenye kipande kingine cha metali kupitia maji ya bahari, ile sehemu ya wazi inayeyuka kwa dakika kadhaa na kukatika. Hakuna kinachozunguka, kwa hiyo hakuna cha kuganda. Lakini maji ya baridi huuchelewesha, maji yasiyo na chumvi huukatalia kabisa, na hubeba mzigo mdogo isipokuwa uwekewe wenzo. Hakikisha pia sehemu ya wazi haijapakwa grisi na fundi mwenye bidii.

Nafuu kuliko vyote ni kiungo kinacholiwa na bahari chenyewe: metali mbili zilizounganishwa, moja ikila nyingine kwa saa au siku zilizopangwa. Wavuvi wa mitego huitumia sana. Hakina betri wala sauti. Muda wake hubadilika na joto na chumvi ya maji, hivyo soma jedwali la mtengenezaji kwa joto la maji ya chini, lile la juani halihusiki. Kitumie kama akiba ya kiachio kikuu, au peke yake pale ambapo kuchelewa nusu siku hakumuumizi mtu.

Kikata kebo cha baruti kinashinda pale ambapo mvuto haupo au haujulikani. Kinakata kamba au waya hata ukiwa umelegea, hata kulabu yoyote ingekuwa imevikwa ganda la viumbe. Kimefungwa kabisa, hivyo kina kirefu hakikisumbui mradi mwili wake umekadiriwa kwa kina hicho. Bei yake inalipwa kwingine: mshtuko wake unaweza kuharibu vipimo nyeti vilivyo jirani, hakijaribiwi, na kila safari inageuka kuwa safari ya mzigo wa hatari. Kwa vituo vya kawaida vya utafiti, viachio viwili vya mota vilivyofungwa sambamba ni bora kuliko kimoja cha mota na kimoja cha baruti. Mnyororo hupita kwenye kulabu zote mbili kwa namna kwamba yoyote ikifunguka, nanga inaondoka. Chora mchoro huo kwanza na uuvute kwa mkono sitahani, kulabu moja kisha nyingine, kwa sababu watu wengi huufunga hivi kwamba zote mbili lazima zifunguke, na hapo wameongeza uwezekano wa kushindwa badala ya kuupunguza.

Kuna njia ya tatu kwa vyombo vinavyobeba watu: kushikilia mzigo kwa umeme badala ya kuuachia kwa umeme. Batiskafu Trieste, chombo cha kuzamia kilichowafikisha Jacques Piccard na Don Walsh kwenye kina cha Challenger, mahali pa chini kabisa baharini, tarehe 23 Januari 1960, ilishikilia vipande vidogo vya chuma vya uzito kwa sumaku za umeme. Umeme ukikatika, kwa makusudi au kwa ajali, uzito unamwagika na chombo kinapanda. Baruti haiwezi kukupa tabia hiyo, kwani inahitaji umeme ili ifanye kazi, na umeme ndio wa kwanza kuzimika kwenye dharura.

Valvu za gesi ya kuzimia moto

Kwenye chumba cha mitambo, mitungi ya kaboni dioksidi inaweza kufunguliwa kwa kebo ya kuvuta, kwa gesi ya mtungi mdogo wa kuamsha, kwa sumaku ya umeme au kwa katriji.

Anza na hesabu kabla ya kuvutiwa na kasi. Chukua chumba chenye ujazo wa mita za ujazo 1,000 pamoja na njia yake ya juu, ile sehemu nyembamba inayopanda kuelekea dohani. Kanuni za FSS, yaani za mifumo ya usalama wa moto, zinataka gesi huru ya asilimia 35 ya ujazo huo, au asilimia 40 ukiacha njia hiyo ya juu, kubwa kati ya hizo mbili. Kwa asilimia 35 ni mita za ujazo 350, na kilo moja huhesabiwa kuwa mita za ujazo 0.56, hivyo kilo 625, yaani mitungi 14 ya kilo 45. Asilimia 85 ya gesi hiyo, kama kilo 531, lazima iingie ndani ya dakika 2. Kwenye dakika 2, valvu inayofunguka kwa milisekunde haikupi chochote juu ya ile inayofunguka kwa nusu sekunde. Mabomba na nozeli ndivyo vinavyoamua. Tena kanuni zinataka king'ora kilie kwanza, angalau sekunde 20, watu watoke. Kasi ya baruti hapa ni fahari tupu.

Kwa hiyo mtungi wa kuamsha ndio chaguo la kawaida la chumba kikubwa, na ni sahihi. Kebo ya kuvuta inafaa pale mitungi ni michache na njia ni fupi. Ikipita kona tatu nne, kapi za kona hushika kutu ndani ya visanduku vyake na kebo inakwama mahali pasipoonekana. Fungua kila kisanduku, zungusha kapi kwa kidole, pitisha kebo yote ikiwa imetenganishwa na valvu. Kwenye mfumo wa gesi ya kuamsha tafuta uvujaji wa mabomba membamba, kwa kuyapuliza hewa kavu huku viamshio vimetolewa kwenye mitungi.

Kosa kubwa kuliko yote halitegemei aina. Ni pini za usalama ambazo fundi alizichomeka wakati wa huduma akaondoka bila kuzichomoa. Mfumo unaonekana mzima, presha iko sawa, cheti kimesainiwa, na hakuna valvu itakayofunguka. Hesabu pini zilizochomekwa, ziandike, na afisa wa meli apokee idadi ileile mkononi kabla ya kusaini. Jingine la kukumbuka: kiwango cha kimiminika ndani ya mtungi hakipimiki kwa kipimo cha sauti joto likizidi nyuzi 31, kwa sababu juu ya hapo hakuna kimiminika tena. Kwenye maji ya joto pima alfajiri, au upime uzito wa mtungi.

Katriji inastahili kwenye valvu za aina mbili. Kwanza, pale ambapo moto ni wa kulipuka na lazima uzimwe ndani ya sehemu ya sekunde, kama kwenye vyumba vya magari ya kivita na baadhi ya mitambo ya ndege. Pili, pale ambapo valvu itakaa imefungwa miaka mingi bila kuvuja hata kidogo: valvu ya baruti inayofungwa haina kiti wala mpira, ina ukuta mzima wa metali, na pistoni huutoboa siku ya kazi. Ukishatobolewa haufungiki tena, kwa hiyo weka valvu ya kawaida ya mkono mbele yake.

Ukiamua baruti

Umeshaona kazi yako inastahili. Sasa fikra zihame kutoka kwenye katriji kwenda kwenye sakiti, kwani hapo ndipo hitilafu nyingi hukaa. Kiwashio cha kawaida kina waya mwembamba wa takriban omu 1. Kwa viwashio vya kiwango kinachoheshimika, ampea 1 au wati 1 kwa dakika 5 haipaswi kukiwasha. Kazi hufanywa kwa ampea kadhaa. Muulize muuzaji namba hizo mbili, ya kutowaka na ya kuwaka kwa hakika, zikiwa kwenye karatasi. Asipokuwa nazo, funga mazungumzo.

Usipime kwa mita ya kawaida ya fundi umeme. Tumia kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya viwashio, ambacho umeme wake umezuiliwa uwe mdogo mno. Kizibo kinachounganisha nyaya mbili za kiwashio kibaki mpaka dakika ya mwisho. Kabla ya kuunganisha, zima chanzo cha umeme, pima kwamba kwenye kebo hakuna volti iliyopotea njia, waondoe watu kwenye mstari wa kisu na pistoni, na umuombe afisa wa zamu anyamazishe rada na redio zenye nguvu zilizo jirani. Kebo ya sitahani ni antena pia. Majeshi ya majini yana masharti mazito juu ya jambo hilo, na meli ya kiraia inayobeba vikata kebo inapaswa kuyasoma kabla ya kununua.

Isipofyatuka, usiikaribie. Kata umeme, rudisha kizibo upande wa chanzo, na usubiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji.

Karatasi nazo ni sehemu ya ununuzi. Viachio vya baruti husafirishwa kama UN 0173, vikata kebo kama UN 0070, katriji za kuendeshea vifaa mara nyingi kama UN 0323, zote daraja la 1.4S. Herufi S ina maana kwamba ajali ikitokea athari yake inabaki ndani ya kifungashio, mradi kifungashio ni kile cha asili. Ukizimwaga kwenye ndoo ya karakana, daraja hilo halipo tena. Omba namba ya fungu, tarehe ya kutengenezwa, maisha ya ghalani na maisha baada ya kufungwa. Hayo mawili hayafanani, na linaloisha mapema ndilo linalohesabika. Kagua ghala kwa kipimajoto: kontena la chuma juu ya sitaha mchana linapita joto ambalo watengenezaji wengi hukubali kwa muda mrefu.

Muda wa vifaa ukiisha, kiachio cha springi kifyatue, kikate, kitumie kufundishia mabaharia wapya. Wakikiona kisu chake kwa macho hawatakipaka rangi tena. Katriji za baruti zirudishwe nchi kavu kwa mwenye kibali cha kuziharibu, na zitakapofika huko ziwe bado na vizibo vyake, kwenye vifungashio vyake, zikiwa zimehesabiwa moja moja.